Penseli ya Maestro

Sijui kusoma nota. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuiandika sentensi hiyo, na nimeitazama kitambo kabla ya kuendelea, kama mtu anayelitazama jino lake lililong'olewa likiwa kiganjani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimejiita mwalimu wa sauti na piano mjini Lodwar, na miaka yote hiyo nimelikana jambo hili. Nimelikana mbele ya wazazi, nimelikana mbele ya fundi anayeteremka kutoka Eldoret kuja kukaza nyuzi za piano yangu, na mara moja nimelikana mbele ya padri aliyeniuliza kwa upole tu, bila nia mbaya.

Si kwamba sijui chochote. Ile mistari mitano naijua kwa majina, kama mtu anavyoweza kuijua alfabeti ya lugha asiyoielewa. Ukinipa ukurasa nitahesabu kutoka chini, mstari wa kwanza, nafasi, mstari wa pili, mpaka niifikie nota moja na kuitaja. Kisha nitarudi chini kuhesabu upya kuitafuta ya pili. Kwa mwendo huo wimbo wa dakika tatu utatufikisha adhuhuri. Lakini wewe niimbie wimbo huohuo mara mbili, nami nitakupigia wote kwa mikono miwili, na besi nitakuongezea.

Nyumbani kwetu sikio ndilo lililokuwa shule. Baba alikuwa mfugaji wa upande wa Kaaleng kabla ya kuhamia mjini. Kwetu mwanamume huwa na ng'ombe mmoja anayempenda kuliko wote, akamtungia wimbo wake, na akiuimba huinua mikono na kuipinda kwa umbo la pembe za ng'ombe huyo. Ng'ombe wa Baba alikufa kwa ukame kabla sijazaliwa. Hata hivyo niliujua wimbo wake mzima, na kona zake zote, kabla sijazoea kuvaa viatu. Hakuna aliyewahi kuuandika, na hakuna aliyewahi kuukosea.

Nilipokuwa na miaka tisa, sista mmoja wa misheni aliamua kunifundisha kinanda. Kilikuwa kile cha kukanyaga, na miguu yangu haikufika chini, kwa hiyo yeye alikanyaga na mimi nikabonyeza. Alikuwa akifungua kitabu, anapiga ukurasa mmoja, kisha ananiambia, "Sasa wewe, polepole, fuata kitabu." Nami nilipiga kila kitu kwa kukumbuka, macho nimeyakodoa kitabuni kwa bidii ya mtu anayetafuta chawa. Shida ilikuwa kugeuza ukurasa. Siku moja nikagundua kwamba Sista akikaribia mwisho wa ukurasa huvuta pumzi puani, basi nikawa nageuza akivuta. Akawaandikia wazazi wangu barua kwamba binti yao anasoma muziki kama mtu mzima. Baba, ambaye hakujua kusoma, alisomewa barua hiyo na katekista, akachinja mbuzi. Ningefanyaje? Nilikula.

Chuo kikuu kilinimalizia malezi hayo. Kwaya yetu iliimba kwa solfa, zile herufi za do, re, mi zinazopangwa kwa nukta na vistari, ambazo nusu ya wanakwaya wa nchi hii wanazisoma kama magazeti. Nami nazisoma hivyo. Ukiniletea solfa ya sauti nne, nitakuimbia sauti yoyote kati ya hizo bila kukohoa. Ila nilichosomea chuoni ni fasihi, si muziki. Shahada yangu inasema hivyo waziwazi, na sijawahi kuificha. Iko ukutani juu ya piano, mahali ambapo mtu aliyeketi hawezi kuyaona maandishi madogo.

Piano niliipata kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kubeba kitu kinachopigwa na joto hivyo. Joto la Lodwar hukausha mbao mpaka zikapasuka, kwa hiyo ndani yake, pale chini karibu na kanyagio, naweka beseni la maji na kuliongeza kila siku tatu. Mgeni akisikia maji yakicheza ndani ya piano huwa namwambia ndiyo mtindo wa bara Ulaya. Piano hiyo ndiyo iliyoniletea wanafunzi. Maafisa wa serikali walikuja na familia zao kutoka Kenya, maana sisi huku mtu akishavuka Kitale tunasema ameenda Kenya, na watoto wao walihitaji kitu cha kufanya katika mji ambao ifikapo saa nne asubuhi jua limeshafunga nje. Masomo yangu nikayaweka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwangu Kanamkemer.

Kwa upande wa sauti sikudanganya mtu. Namlaza mwanafunzi chali sakafuni, namwekea pakiti ya unga ya kilo mbili tumboni, na namtaka aiinue kwa pumzi bila kuinua mabega. Akishaweza, namsimamisha, ananyoosha mikono juu na kuipinda kama pembe, kama Baba, mbavu zinafunguka zenyewe, na sauti inatoka. Mzazi mmoja aliniuliza kama mbinu hiyo ni ya Kiitaliano. Nilimwambia ina mizizi mirefu.

Upande wa piano ndiko nilikoiba. Watoto niliwafundisha kusoma kwa kanuni, mstari huu unaitwa hivi, nafasi hii hivi, na baada ya miezi kadhaa walikuwa wamenipita. Nilikuwa kama mtu anayewaonyesha wenzake daraja la mto asioweza kuuvuka. Wao walivuka, mimi nikabaki ng'ambo hii nikiwapungia mkono na kuwaambia waketi wima.

Ningefumaniwa mapema kama si Kakuma. Kila Jumamosi ya pili nilipanda gari la asubuhi kwenda kufundisha sauti kwaya moja ya kambi ya wakimbizi, wengi wao Wakongomani, na Warundi wachache. Mwongozaji wao alikuwa mwanamume wa miaka arubaini hivi, kutoka Bukavu, aliyekuwa akipiga kinanda cha kanisa kubwa la kwao tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Wote walimwita Maestro, kama Wakongomani wanavyowaita viongozi wa kwaya, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita Mama Mwalimu, ingawa nimemzidi miaka kumi tu na sikuona haja ya kukumbushwa.

Katika mwezi wangu wa pili pale aliniwekea karatasi kwenye kinanda chao cha betri, utenzi wa kanisani ambao kila mtu anaujua. Nikaupiga wote vizuri tu. Wanakwaya wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Walipotoka kunywa chai, aliichukua karatasi, akaisogeza dirishani, akaitazama.

"Mama Mwalimu, mustari wa chini uliuona wapi?"

"Si uko hapo?"

"Hapo wapi? Mashini ya fotokopi ilikata. Mukono wa kushoto haiko kwa hii karatasi."

Nilitazama. Kweli, mashine ya duka la fotokopi ilikuwa imekata sehemu yote ya chini ya ukurasa. Nilikuwa nimesoma kwa ufasaha mkubwa kitu ambacho hakikuwepo.

"Weye unapigaka na masikio," akasema, si kwa ukali.

"Masikio si dhambi."

"Hapana zambi. Lakini kitabu unakifunguaka ya nini?"

"Ya heshima," nikasema.

Akacheka mpaka akaketi. Kisha akatoa penseli mfukoni mwa shati, akaomba kitabu kilichokuwa mkobani mwangu, akaanza kuandika solfa juu ya kila nota. Herufi zake zilikuwa ndogo na safi, zimelala kidogo upande wa kulia. Alimaliza kurasa mbili wakati wanakwaya wakinywa chai.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka sita. Nilikuwa na vitabu vinne vya kufundishia, na vyote vilipita mikononi mwake, kurudi na kwenda, mpaka karibu kila ukurasa ukawa na penseli yake. Mwanafunzi akiuliza, nilimwambia ni uchambuzi wangu. Nilipokwama na mtoto, nilimweleza Maestro, naye akanipa dawa. Hakutaka malipo yoyote. Alisema mimi nimewafundisha wanakwaya wake kupumua na hilo linatosha. Alitaka jambo moja, na alilisema kwa namna ya utani, huku ananichongea penseli.

"Siku moja, kule Lodwar, utasema kuko mutu Kakuma anaitwa hivi."

"Nitasema."

"Tu jina. Haiko kitu ingine."

"Maestro, nitasema."

Mwenyewe hakuweza kuja kujitaja. Kutoka kambini kulihitaji kibali, kibali kilihitaji sababu, na kwenda kuwasikiliza watoto wa maafisa wakipiga piano si sababu iliyomo kwenye fomu. Nami kila nilipotaka kumtaja niliona swali linalofuata limeshasimama mlangoni: anakusaidia nini? Basi nikaahirisha. Mtu mwenye elimu ana maneno mengi ya kuita uoga, na mimi nililichagua neno busara.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Mama yake ni katibu katika ofisi moja ya serikali, mwanamke nadhifu, mtaipaji wa kasi, anayejivunia kusalimia "ejok" vizuri kuliko Waturkana wa kizazi hiki. Binti ana mkono wa kulia wa ajabu, lakini wa kushoto ulikuwa ukisinzia. Nilimweleza Maestro. Baada ya majuma mawili akanipa kurasa mbili alizozitunga mwenyewe kwa ajili ya mtoto asiyewahi kumwona. Wimbo wenyewe ulikuwa katika mkono wa kushoto, na wa kulia uliitikia tu. "Ataamuka," akasema. Na kweli uliamka.

Msichana aliupiga katika onyesho letu la mwisho wa mwaka, kwenye ukumbi wa kanisa. Ratiba iliandaliwa na mama yake, maana mimi sina printa. Alinitumia niipitie. Kwenye mstari wa wimbo ule aliandika, kwa kudhani tu, kwamba umetungwa na Mwalimu. Niliisoma ratiba yote kwa makini, nikakuta amekosea kuandika "wapendwa", nikalisahihisha neno hilo, nikamrudishia.

Haya, na sasa asubuhi yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ambayo siendi Kakuma. Msichana alifika na mama yake, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu mama huwa anamshusha getini.

"Ejok, Mwalimu."

"Ejok, mama. Karibuni."

Hakuketi. Alitoa karatasi mkobani, akaiweka juu ya piano. Ilikuwa ukurasa mmoja uliochapishwa, umejaa nota, hauna kichwa wala maneno.

"Kabla hamjaanza. Nipigie hii kidogo."

"Ni nini?"

"Ni muziki, Mwalimu."

"Ngoja nichukue miwani."

"Umeivaa."

Nilikuwa nimeivaa. Nikaketi. Msichana alikuwa akitazama viatu vyake. Nilijaribu kuhesabu kutoka chini, nikaifikia nota ya kwanza, nikarudi chini kuitafuta ya pili. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata leo likinijia barabarani huwa nasimama. Niliweka mikono nikapiga kitu nilichokibuni palepale, kitu chenye heshima, polepole, nikiamini kwamba mama hajui tofauti. Na mama kweli hakujua. Alianza hata kulegea uso.

"Sio hivyo, Mwalimu," msichana akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, iliyo wazi, isiyo na dharau, sauti ileile ninayoitumia mimi kuwasahihisha. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

"Basi ni kweli," mama akasema.

"Mama, wacha," binti akasema.

"Niwache nini? Ile ratiba niliitaipu kwa vidole hivi. Nikaisambaza ofisi nzima."

"Nani amekuambia?" nikauliza.

"Mtu anayejua."

Wakaondoka. Msichana alirudi mbio kuchukua chupa yake ya maji, na hakuniangalia. Maji ya beseni yalikuwa bado yakitikisika ndani ya piano.

Lodwar ni mji mdogo, na ofisi zake zina chai ya saa nne. Kufikia mwisho wa juma la pili nilikuwa nimebaki na wanafunzi wawili, wote wa sauti, na mmoja wao aliniuliza kama pakiti ya unga nayo ni ya kweli.

Sikulia sana kwa ajili ya jina langu. Najua lilivyopatikana. Kilichoninyima raha ni hesabu nyingine, fupi kuliko zote: duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua. Kwa miaka sita nilikuwa nimempelekea aibu yangu ikiwa uchi, kila Jumamosi ya pili, na alikuwa akiivika nguo na kunirudishia. Kama ni yeye aliyeivua mbele za watu, basi sikuwa nimewahi kuwa na rafiki Kakuma, nilikuwa na mtu aliyeniwekea kumbukumbu. Nikaanza kutafuta wengine wa kulaumu. Labda fundi wa Eldoret alinishuku. Labda msichana mwenyewe ameligundua, watoto wana macho. Nilimwombea msichana awe ndiye. Nilikuwa tayari kumsamehe siku hiyohiyo. Niliomba awe mtu yeyote ila Maestro.

Jumamosi ya Kakuma ikafika, sikwenda. Ikafika nyingine, sikwenda. Vitabu vyangu vyote vinne vilikuwa kwake, nilikuwa nimemwachia anitilie penseli kwenye nyimbo chache za mwisho mwisho ambazo hatukuwahi kuzifikia. Nilimtungia maneno makali kwa Kiswahili, nikayatafsiri kwa Kiturkana ili yapate meno, nikayasema kwa sauti jikoni nikichambua maharagwe. Katika maneno hayo yote mimi nilikuwa mtu aliyetendewa. Nilikuwa nimepanga hata mahali pa kutua na kupumua.

Alipiga yeye. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, upepo wa vumbi umeanza, nami nilikuwa nafunga dirisha. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanakwaya wakipasha sauti moto, ngazi ya sauti ileile niliyowafundisha, wakipumua pale ninapopumua.

"Mama Mwalimu. Siku mingi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Namaanisha kwa yule mama. Ni wewe uliyemwambia?"

"Nimekujibu, mama. Ni mimi."

Nikaketi kwenye kiti cha piano. Maneno yangu ya jikoni yote yalikuwa yamekwenda nisikojua.

Akanieleza bila haraka. Mama yule alikuja Kakuma na wageni wa ofisi, kwaya ikawaimbia. Baadaye akamfuata Maestro kumpongeza, akamwambia kwamba Lodwar nako kuna mwalimu anayetunga, akatoa simu akamwonyesha video ya binti yake.

"Nikasikia mukono wa kushoto," Maestro akasema. "Nikajua mbele ya kuona mutoto. Nikauliza, hii ni ya nani? Akasema, ya mwalimu wetu. Akanionyesha na karatasi. Nikatafuta jina langu mbele, nikatafuta nyuma."

"Ile karatasi sikuiandika mimi."

"Lakini uliisoma."

Nikafunga kifuniko cha piano.

"Alisemaka uliisoma vizuri sana. Ati ulimutengenezea neno moja."

"Ungeniambia mimi kwanza," nikasema. "Ungenikasirikia mimi. Miaka sita, Maestro. Ulinipeleka kwa watu."

"Weye ulinipeleka wapi, mama?"

Wanakwaya walikuwa wamefika juu kabisa ya ngazi, na sauti ya kwanza ilikuwa inashuka kidogo, kama kawaida yao. Nilitaka kumwambia awaambie wainue mikono. Badala yake nikauliza kuhusu vitabu.

"Viko. Nitavituma na gari ya asubui."

"Ulimaliza zile nyimbo za mwisho?"

"Nilimaliza kufuta."

"Kufuta nini?"

"Penseli. Yote. Ya sasa na ya zamani, vitabu vyote ine. Ilinikamata siku tatu, mama, juu sikutaka karatasi ipasuke. Saa hii viko safi. Sawa vya duka."

Nikamwambia asante, kwa sababu nililelewa vizuri. Akasema haya, mama. Kisha simu ikakatika, au aliikata, na sikupiga tena kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.